Mvua Isinyeshe Thorsby

Thorsby,
Jumanne, 6 Julai 1976

Wifi yangu Muriel,

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Leo sichani. Nitakuambia jambo lenyewe kwanza, halafu nikueleze nimelijuaje, maana najua utauliza.

Clement haoni. Sisemi amekuwa kipofu kabisa. Anatembea, anapalilia maharage yake, anakwenda dukani na kurudi. Lakini katikati ya macho yake pameingia ukungu, na kile anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachopotea. Ukisimama mbele yake anakuangalia sikioni. Na kila Jumapili mdogo wako huyu anapanda injini ya mvuke, anavuta mabehewa yaliyojaa watu hadi Garrow Head kule juu, kisha anawateremsha mpaka hapa kwetu, mteremko mtupu.

Nilianza kushtuka Februari, alipomimina chai pembeni ya kikombe na kusema meza imepinda. Baadaye akaacha kusoma gazeti. Akaniambia nimsomee kwa sababu nina sauti nzuri. Muriel, tangu tuoane hajawahi kuisifu sauti yangu. Mwezi wa Mei ulimwandikia kwamba paka wako Tibby amekufa. Alikaa na barua ile bustanini muda mrefu, akaingia ndani akaniambia, “Muriel mzima, na paka mzima, anakusalimu.” Barua niliikuta baadaye kwenye mfuko wa koti lake nilipokuwa nataka kulifua. Ndiyo sababu hukupata pole. Pokea yangu sasa, imechelewa lakini ni ya kweli.

Utauliza anaendeshaje. Mtia makaa wake anaitwa Desmond Kell, fundi mabomba wa hapa mjini, mtu mwema. Kila wanapokaribia alama ya njiani, ule mkono wa ubao juu ya nguzo unaoinuka njia ikiwa wazi, Desmond hupaza sauti, “Mkono juu, Clem,” na Clement huitika, “Mkono juu.” Ni utaratibu wa zamani wa madereva, na wageni wanaosimama karibu huupenda sana. Mimi nikiusikia hugeuza uso.

Kwa nini sijasema? Wewe uliona alivyokuwa serikali ilipoifunga njia hii ya reli. Alikaa kwenye kile kiti chake akiutazama ukuta, na mimi nilikuwa nikienda kazini nikiogopa nitakachokikuta nikirudi. Watu wa bonde walipoinunua reli na kuanza kuiendesha kwa kujitolea, alifufuka. Nikimsema, nitamrudisha kwenye kiti kile. Nisipomsema, siku moja nitasikia firimbi inayolia vibaya.

Kila vuli daktari wa reli huwapima macho madereva. Mwaka huu hatapita. Ninachotaka ni kiangazi hiki kiishe salama. Wewe ndiye uliyemlea Clement mama yenu alipofariki, na wewe anakusikiliza. Nishauri.

Wako,
Enid


Worthing,
Jumamosi, 10 Julai 1976

Wifi Enid,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sitakuficha, imeniudhi.

Clement wetu alikuwa akimwona mwewe juu ya mlima kabla sisi wengine hatujauona mlima wenyewe. Macho ya namna hiyo hayaishi kwa kumwaga chai. Mtu wa umri wake anahitaji miwani mipya na mke asiyemwangalia kama polisi. Au wewe humwagi chai? Nilipokuja Krismasi ulinikaangia samaki nje kaungua, ndani mbichi, na sikuandika kwa mtu kwamba umepofuka.

Nisamehe nikisema wazi, wifi, lakini injini ile umeionea wivu tangu siku ya kwanza. Nakumbuka ulivyosema kwamba Clement huipangusa kwa upole kuliko anavyoshika vyombo vyako vya udongo. Sote tulicheka siku ile. Wewe hukucheka.

Habari ya Tibby imeniuma upya. Barua ile ilikuwa ya Clement, si yako. Kwa hiyo ilikuwa mikononi mwako muda wote huo, na mimi huku nikidhani ndugu yangu hajali.

Mpeleke kwa daktari wa macho, basi. Usimtangaze kwenye kamati ya reli. Mwanamume akivuliwa kazi yake na mkewe havuliwi kazi tu.

Huku joto limezidi. Bustani imekuwa rangi ya biskuti, na baraza la mji limetukataza kumwagilia.

Muriel


Thorsby,
Jumapili, 18 Julai 1976

Wifi yangu,

Samaki nakubali. Mengine sikubali, ila sitajibu moja moja.

Nilimwekea miadi kwa daktari wa macho wa hapa. Siku ilipofika alivaa tai, akaondoka, akarudi akaniambia daktari amemsifu kuwa ana macho ya mtoto. Mke wa mwokaji alimwona wakati huohuo ameketi kwenye benchi kando ya mto, na tai yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, na ukitaka unicheke. Leo kanisani kasisi alituongoza kuomba mvua. Mashamba yamekauka, bwawa la maji limepungua mpaka kuta za kijiji cha zamani zimetokeza chini yake, na wakulima wanauza kondoo kabla hawajakonda. Kanisa zima lilipiga magoti. Na mimi nikapiga. Wote wakasema “Bwana, tuletee mvua,” na mimi nikasema kimoyomoyo, “Bwana, isinyeshe. Bado kidogo, isinyeshe.”

Ninayo sababu. Injini ya mvuke hurusha cheche, na nyasi za kando ya njia zimekuwa kama karatasi. Wiki iliyopita malisho ya mkulima mmoja yaliungua mpaka kwenye ukuta wa mawe. Bwana Bainbridge, mwenyekiti wa kamati, anasema ukame ukiendelea, kamati itazilaza injini zote za mvuke na kuleta ya dizeli. Clement hana ruhusa ya kuendesha dizeli, na hata wakimpa haitaki. Anaiita friji yenye magurudumu. Basi atakaa nyumbani kwa ajili ya ukame, kama wenzake wote, bila mimi kusema neno wala yeye kuaibika. Kisha itakuja vuli na daktari wa reli.

Kwa hiyo kila asubuhi nafungua pazia natafuta wingu, na nisipoliona nashukuru. Jirani yangu anabeba maji machafu ya kuogea kwenda kumwagilia waridi zake, ananiambia, “Mungu ametusahau, Enid.” Nami naitikia kwa kichwa, na moyo wangu unaniambia mimi ni mchawi.

Usiniandikie kwa hasira. Niandikie tu.

Enid


Worthing,
Alhamisi, 29 Julai 1976

Wifi,

Sina hasira. Nina mashaka, na siyapendi.

Nimetafuta barua za Clement za mwaka huu. Alizoniandikia zote ni kadi za picha, na zote zina maneno yaleyale: “Wote wazima. Njia nzuri. Clem.” Kadi ya mwisho ameandika maneno hayo juu ya anwani.

Basi nakuja. Nitafika Jumamosi ya tarehe 14 Agosti, na Jumapili nitapanda treni yake kwenda na kurudi, nimtazame kwa macho yangu mwenyewe. Nikiona uko sahihi, nitasema naye. Nikiona umekosea, utanipikia samaki tena mpaka uweze. Usimwambie kwamba nina lolote moyoni. Mwambie dada yake amechoka na bahari na anataka milima.

Muriel


Thorsby,
Alhamisi, 5 Agosti 1976

Wifi Muriel,

Usije. Au njoo, lakini usipande treni. Tafadhali.

Kamati ilikutana jana. Nilikuwa nimepeleka keki, nikabaki mlangoni nikijifanya naosha vikombe. Nilikuwa na hakika watazilaza injini. Wakulima walisema, Bwana Bainbridge akasema, kisha mweka hazina akasimama na kueleza kwamba wageni hawaji kuona dizeli, na kwamba bila Agosti reli haifiki Krismasi. Wakapiga kura. Mvuke utaendelea mpaka mwisho wa mwezi, ila kwa sharti moja: mtia makaa asimame muda wote akitazama nyuma, aone kama kuna moto umeshika nyasini. Kupanda na kushuka, maana kwenye mteremko breki nazo hutoa cheche.

Umeelewa, Muriel? Desmond atatazama nyuma. Niliomba ukame ili Clement ateremke kwenye injini, na ukame umeniletea Clement juu ya injini, macho ya Desmond yameondolewa.

Nilimfuata Desmond karakana. Sikuzunguka. Nikamuuliza, unajua? Akajipangusa mikono kwa muda mrefu, akasema, “Bi Enid, mimi na Clem tunaelewana.” Akanieleza kwamba zamani, kwenye ukungu, hakuna dereva aliyeona kitu hapa mlimani, waliijua njia kwa masikio. Daraja la matao lina mvumo wake. Ukiingia kwenye mkato wa miamba, pale njia ilipochimbwa katikati ya mawe, sauti ya mabehewa inakurudia usoni. Ukitoka, unayasikia maporomoko ya maji ya Skirl kushoto, na hapo unaanza kukaza breki, usingoje kuona alama, na treni itatulia yenyewe kabla ya lango la barabara ya Thorsby, pale reli inapoikata barabara. “Clem haihitaji ile alama,” alisema. “Namwitia kwa heshima tu.”

Nikiri kwamba nilirudi nyumbani nimetulia kidogo. Lakini Desmond ni mtu wa kumpenda, na mtu wa kumpenda hudanganya vizuri.

Huku hali ni mbaya. Bomba linatoa maji asubuhi tu. Kile kijito cha Skirl ulichokuwa ukiogopa kukivuka, siku hizi kondoo wanakiruka bila kulowesha kwato.

Usipande, wifi.

Enid


Worthing,
Jumatatu, 9 Agosti 1976

Enid,

Tiketi nimeshakata. Kama watu wengine wanaweza kupanda nyuma ya ndugu yangu bila kujua, mimi ninayejua nitawaachaje wapande peke yao?

Nitakaa behewa la tatu. Nitaleta biskuti za tangawizi anazopenda.

Muriel


Thorsby,
Jumanne, 17 Agosti 1976

Wifi yangu,

Natumaini umefika salama. Tangu jana asubuhi ulipoondoka, mkono wako umefungwa kwa skafu yangu, sijaacha kukuona ukiwa dirishani ukitabasamu kwa ajili yake. “Nimeteguka tu,” ulisema. Sikuamini. Hata yeye hakuamini. Niandikie ukweli.

Wewe ulikuwa behewani, hukuona mbele. Mimi nilikuwa jukwaani Thorsby, na nitakueleza nilichokiona ili tuwe nacho wawili.

Lango la barabara lilikuwa bado limefungwa upande wa treni, kwa sababu trekta la nyasi lilikuwa linavuka, na nyuma yake mama mmoja na kigari cha mtoto. Mkono wa alama ulikuwa umelala, yaani treni isimame. Nilisikia treni kwenye mkato wa miamba, kisha nikaisikia imetoka, nikangoja ule mlio wa breki. Haukuja. Nilimwona Desmond ananing'inia nje upande wa kulia, uso nyuma, kama alivyoamriwa. Nilimwona Clement upande wake, ametoa kichwa nje, ameinamisha sikio. Alikuwa anasikiliza, Muriel. Alikuwa anasikiliza kwa nguvu zake zote, na treni inateremka.

Desmond aligeuka, akapiga kelele, ndipo breki zikashika. Wewe unajua ilivyokuwa ndani. Injini ilivunja ubao wa lango na kusimama juu ya barabara. Yule mama alikuwa amekivuta kigari nyuma. Alikaa chini barabarani, akawa anaifunga tena na tena kofia ya mtoto ambayo haikuwa imefunguka.

Jana jioni kamati ilikaa. Desmond alisimama kabla hajaulizwa. Akasema kosa ni lake: alidhani ameona moshi nyasini, akampigia Clement kelele, akamchanganya. Wakamsimamisha. Alikuwa apewe mtihani wa udereva mwakani, sasa sijui. Clement alikaa akizungusha kofia yake magotini. Nilimtazama, nikangoja aseme, na hakusema. Kisha Bwana Bainbridge akamshika bega, akamwambia dereva mwingine angeua watu pale, na kwamba tarehe 29 yeye ndiye atakayewapeleka watoto wa shule ya Jumapili. Mtia makaa atakuwa mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Leeds, mgeni wa njia hii. Huyo hajui kwamba anapaswa kuita.

Wakati wa chakula alisema neno moja tu. Alisema, “Wiki iliyopita ilikuwa bado inanong'ona.” Nikauliza nini. Akasema, “Skirl.” Akaendelea kula.

Ndipo nilipoelewa. Maporomoko yamekauka. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yanamwambia akaze breki, na Jumapili hayakumwambia kitu. Nami mwezi mzima nimepiga magoti nikiomba yakauke.

Leo asubuhi ameshauliza posta italeta lini barua yako. Anataka kujua habari za mkono. Sijamwambia kwamba najua, na nimeogopa kwenda kwa Bainbridge. Nisipokwenda kabla ya tarehe 29, nitakuwa nimewaweka watoto wale mimi mwenyewe behewani.

Enid


Worthing,
Jumamosi, 21 Agosti 1976

Enid,

Mwandiko usikutishe. Ni wa kushoto.

Ulikuwa sahihi toka mwanzo. Jumamosi ile mezani nilimnyooshea biskuti, akashukuru, akachukua hewa pembeni ya sahani. Nikajua. Ningesema naye usiku uleule, nikajiambia ngoja kwanza nipande naye, nisije nikamwonea. Basi nilipanda.

Usiende kwa Bainbridge. Bado. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ni ya Clement. Mpe mkononi. Usiifungue, usimwambie unayajua yaliyomo, usijitolee kumsomea. Mwache nayo. Atataka kujua habari za mkono wangu kuliko anavyotaka kuficha macho yake. Namfahamu. Ikifika Ijumaa hajaomba, nenda kwa Bainbridge, na useme tumekwenda sote wawili.

Ili usije ukadhani nimekuficha tena, haya ndiyo niliyomwandikia:

“Clement,
Mkono umevunjika pahala pawili. Utapona. Nimemwambia daktari nilianguka ngazini. Nijibu jambo moja. Ulipokuwa mdogo, mama alipofariki, ulikuwa ukiogopa giza la kwenye korido. Watu walikuwa wakikuambia hakuna kitu. Wewe ulinishika kidole ukasema, ‘Usiniambie hakuna kitu. Niambie kipo wapi.’ Nami nikawa nakuambia: hapa mlango, hapa kabati, hapa ngazi. Sasa hivi nani anakuambia? Muriel.”

Nimechoka. Kushoto kunauma kuliko kulia.

M.


Thorsby,
Alhamisi, 26 Agosti 1976

Wifi yangu,

Nilimpa barua Jumatatu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaenda nayo kwenye maharage, akaifungua, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaishika upande wa jicho kama mtu anayechungulia ufa. Nilikuwa dirishani na viazi mkononi, sikumenya hata kimoja. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaingia, akasema, “Muriel mzima.”

Nikasema vizuri. Muriel, sijui nilipata wapi nguvu ya kusema vizuri.

Jumanne akarudi tena bustanini nayo. Akajaribu kwenye jua, akajaribu kivulini. Nikamsikia anamwita mtoto wa posta langoni, kisha akamwambia basi, hakuna kitu, nenda. Jumatano hakutoka. Jana hiyohiyo jioni, tukiwa tumeketi mezani, alitoa barua akaiweka mbele yangu, imelainika kama kitambaa.

“Nisomee,” alisema.

Nikamwambia miwani yake ipo pale, kando ya mkate.

“Miwani haihusiki, Enid. Na wewe unajua haihusiki.”

Basi nikamsomea. Mwandiko wako wa kushoto ulinisumbua, nikawa nakwama, na yeye akadhani nalia. Labda nilikuwa nalia pia. Nilipofika kwenye mkono kuvunjika alifumba macho. Nilipomaliza akaniambia nirudie yale ya korido, nikarudia. Kisha akauliza, “Toka lini?” Nikamwambia toka kikombe cha Februari. Akasema, “Meza kweli imepinda kidogo.” Nikamwambia haijapinda.

Leo asubuhi alivaa koti lake la kazi, akasimama mlangoni, akanitolea kiwiko. Nikadhani anataka mimi nimshike, kumbe alitaka kunishika yeye. Tukatembea hivyo barabara nzima ya Thorsby, na kila aliyetusalimu alimjibu kwa jina, kwa sauti.

Karakana tuliwakuta Bwana Bainbridge na watu wengine, na Desmond, aliyekuja kuchukua vifaa vyake. Clement hakuomba waketi. Alisema, “Desmond hakunichanganya. Hakukuwa na moshi. Mimi sioni, na mwaka huu wote amekuwa akiona kwa niaba yangu, na nyinyi mkamtazamisha nyuma. Aliyevunja lango ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.”

Bwana Bainbridge alivua miwani yake, akaiangalia, akaona aibu akaivaa tena. Mwishowe akasema kwamba Desmond naye alijua, na kwa hiyo mvuke hatausogelea mpaka majira yajayo ya kuchipua. Desmond akasema ni haki. Clement akapanda kwenye injini bila kusaidiwa, akapangusa mkono wa breki kwa kile kitambaa chake cha kazi, akashuka, akampa Desmond kitambaa. Madereva hawagawi vitambaa vyao. Desmond hakujua akitie mfuko gani.

Watoto watapelekwa na dereva mwingine. Nilipaswa kulala usingizi leo. Lakini tangu turudi ameketi kwenye kile kiti, Muriel, na amekigeuzia ukutani. Nimempelekea chai, imepoa. Nimemsemesha kuhusu maharage. Sijui kama tumemwokoa au tumemmaliza.

Enid


Worthing,
Jumatatu, 30 Agosti 1976

Enid,

Mvua inanyesha. Watu wa mtaa huu wamesimama barabarani na nguo zao za kulalia kama wendawazimu, na mimi miongoni mwao, plasta ngumu ya mkono wangu ikiwa ndani ya mfuko wa mkate.

Ikifika huko kwenu, mtoe kwenye kiti. Mburute ikibidi. Una mikono miwili, mimi sina.

Muriel


Thorsby,
Jumapili, 12 Septemba 1976

Wifi yangu mpendwa,

Imefika, na haijaacha. Asubuhi kasisi alishukuru kwa ajili ya mvua, kanisa lote likaitikia amina. Mimi nilisema mara mbili, kwa sababu kuna moja nilikuwa sijaisema.

Nisikufiche, hakutoka kwenye kiti kwa siku moja. Zaidi ya wiki mbili alikikalia kama nilivyokuambia, na mimi nikazunguka nyumba nikivificha visu na kamba, halafu nikijionea haya na kuvirudisha. Desmond alikuwa akija jioni, anakaa sakafuni karibu naye, wanasikiliza matangazo ya kriketi bila kusema. Jana Desmond alipoondoka, Clement alisema ukutani, “Yule mwalimu wa hesabu anatia makaa mengi mno. Nasikia kutoka hapa.” Nikajua kuna mtu ndani.

Leo baada ya kanisa nikakata tiketi mbili, kama abiria. Alikataa mpaka tukafika jukwaani, akaendelea kukataa mpaka tukakaa. Nilichagua behewa la tatu.

Kupanda kwenda Garrow Head alielekeza sikio dirishani. Alikuwa ameshika fimbo mpya katikati ya magoti kama kitu cha mtu mwingine. Nilijua anahesabu kila kishindo cha injini na kila kosa la dereva. Kule juu hatukushuka. Watu wakanywa chai, wakarudi na makoti yamelowa, firimbi ikalia, tukaanza kuteremka.

Tulipofika daraja la matao nilihisi bega lake limekuwa gumu. Nikaingiza kidole changu mkononi mwake. Nikasema, “Hapa chini bonde, ukungu mpaka nusu. Kondoo upande wangu, wamekuwa weusi kwa maji. Hapa nyumba ya Metcalfe, ametundika nguo kwenye mvua, sijui anafikiria nini.” Nikaendelea. Muriel, nimeipanda njia hii tangu nilipokuwa msichana na sikuwahi kuitazama. Siku zote nilikuwa natazama mbele, kwenye injini, nikimwogopea. Nilikuwa sijui kwamba kuna mti unaoota ndani ya ukuta wa stesheni ya zamani. Nikamwambia. Akasema, “Mwaloni. Uliota mwaka ule walipofunga njia.” Nikamwambia si mwaloni, una matunda mekundu. Akasema basi amekuwa akiudhania vibaya muda wote huo.

Tukaingia kwenye mkato wa miamba, sauti ikaturudia usoni, tukatoka. Na hapo kushoto, Skirl. Haikunong'ona. Ilinguruma mpaka kioo kikatetemeka. Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka kwenye fimbo, ukashika hewa, ukakaza, polepole, kwa namna ambayo hata mimi niliona inavyopaswa kufanywa. Kisha, baadaye kidogo, breki za treni zikashika.

“Amechelewa,” akasema Clement.

“Amewahi,” nikasema. “Mkono wa alama umelala, na yeye anapunguza mwendo. Lango jipya, wamelipaka rangi nyeupe. Barabarani hakuna mtu.”

Treni ikasimama. Aliurudisha mkono kwenye fimbo, maji yakinguruma nyuma yetu. Niliogopa tena, nikafikiri sasa atakiachia kidole changu na kurudi alikokuwa. Akageuka, akanitazama sikioni.

“Endelea,” akasema. “Jukwaa liko wapi?”

Nikamwambia.

Wifi yako,
Enid